Kuishi hospitali na pacha njiti: tathmini ya mama aliyelala pale

Pacha wangu walizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, kwa oparesheni, baada ya presha kupanda na kugoma kushuka. Kulwa alikuwa na gramu 1,420, Doto gramu 1,150. Tangu siku ile mpaka tuliporuhusiwa, zaidi ya mwezi, makazi yangu yalikuwa hospitali ya rufaa ya serikali hapahapa Dar es Salaam. Jina naliacha, maana nina malalamiko na nina shukrani, na mara nyingine vyote viwili vinawahusu watu walewale. Naandika kwa ajili ya mama, au baba, ambaye leo kaambiwa watoto wake wanabaki wodi ya njiti na hajui maisha ya humo yakoje.

Niseme mapema msimamo wangu. Matibabu ya watoto nayapa alama za juu. Malazi ya mama nayapa alama za chini kabisa. Na tatizo kubwa la huduma ile ni kuyachukulia hayo kuwa mambo mawili tofauti, kana kwamba kitanda cha mama ni hisani tu.

Kwanza wodi yenyewe. Unavua viatu mlangoni, unavaa kandambili za mle ndani, unanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Saa, pete na bangili unaacha nje. Nilimwona sista wa mlangoni akimrudisha daktari mzima akanawe upya, na daktari akarudi bila neno. Ndani kuna joto la kutoa jasho, na ni kwa makusudi, kwa sababu njiti hana mafuta mwilini ya kumtunzia joto lake. Kulwa aliwekwa kwenye kitanda cha joto. Doto, ambaye kifua kilikuwa kinabonyea kila akivuta pumzi, aliwekewa mashine ya kusaidia kupumua. Wenyewe wanaiita sipapu. Nilikuwa nimechomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto kabla ya oparesheni, ila presha haikutoa nafasi ya kumaliza dozi.

Ile sipapu niieleze, kwa sababu utakaa nayo karibu sana. Hewa yenye oksijeni inaingia puani mwa mtoto kwa vijiti viwili vidogo laini, na ncha ya pili ya mpira imezamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha ule mpira ndani ya maji ndicho kinachopanga msukumo wa hewa, na msukumo huo ndio unaozuia mapafu yasisinyae mtoto anapotoa pumzi. Chupa ikiwa inatoa mapovu mfululizo, mambo yako sawa. Mapovu yakikoma, kuna mahali hewa inavuja: vijiti vimechomoka, au mtoto ameachama mdomo, au mpira umeachia. Sista wa zamu ya usiku alinifundisha hayo siku ya kwanza nilipoweza kusimama na kushuka kuwaona. Akaniambia, "Mama pacha, usiku huu mimi na mwenzangu tuna watoto zaidi ya thelathini. Wewe una wawili. Sikiliza chupa ya Doto. Ikinyamaza niite, wala usione haya."

Sikuona haya. Nilimwita mara nyingi, na hakuna hata siku moja aliyonijibu kwa ukali.

Yeye ndiye aliyekuwepo usiku ambao Doto aliacha kupumua. Njiti husahau kupumua, ubongo haujakomaa, ndiyo maana wanapewa dawa ya aminofilini au kafeini ya kuuamsha. Nilimwona mwanangu akibadilika rangi kuanzia midomoni. Sista hakukimbia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akamgonga unyayo kwa ncha ya kidole, mara ya kwanza, mara ya pili, akamsugua mgongo, na Doto akashtuka akavuta hewa, rangi ikarudi. Halafu akachukua faili akaandika saa na kilichotokea, akaendelea na mtoto wa kitanda kinachofuata. Wauguzi wa aina hii wapo, wanafanya kazi hiyo zamu nzima, na mimi nilikuwa siwajui kabla ya hapo.

Sasa malazi. Chumba cha kina mama kilikuwa jengo lingine, ghorofa ya pili, na lifti siku nyingi haifanyi kazi. Vitanda havitoshi. Waliotangulia wana vitanda, wengine mnalala wawili wawili mzungu wa nne, waliobaki wanatandika khanga juu ya godoro sakafuni. Mimi nilianzia sakafuni nikiwa na mshono. Kuinuka kutoka chini na mshono mbichi, mwanamke aliyepasuliwa anaelewa ninachosema. Na ratiba ya kulisha haina huruma: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, kisha tena hivyohivyo usiku. Kila mzunguko unashuka ngazi, unavuka uwanja, unanawa, unakamua, unalisha, unapanda ngazi. Ukipiga hesabu, mama wa pacha akimaliza kulisha wa pili amebakiwa na saa moja na nusu hivi kabla ya kuanza upya. Humo ndimo alale, aoge, ale, afue.

Wapo walioshindwa. Kulikuwa na binti mdogo, mimba yake ya kwanza, mshono wake ulipata usaha, akawa hawezi zile ngazi usiku. Mzunguko wa saa tisa usiku mtoto wake akawa anaukosa, au anapewa kidogo kilichobaki kwenye jokofu. Uzito wa mtoto ukasimama. Kwenye raundi asubuhi akaulizwa mbele yetu sote kwa nini hakamui. Alilia tu. Swali lile lilitakiwa kupelekwa kwa aliyepanga chumba cha wazazi kiwe mbali vile.

Nilipotoka nilisoma kuhusu jambo hili, na ndipo nilipojua kwamba haya si manung'uniko yangu peke yangu. Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Waliangalia watoto waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, yaani watoto kama wangu. Kundi moja liliwekwa kifuani kwa mama mapema baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Kundi la pili lilisubiri watulie kwanza, kama ilivyozoeleka. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Tofauti ilionekana mapema kiasi kwamba walisimamisha kuandikisha watoto wapya. Na ili mama aweze kumbeba mtoto ambaye bado ni mgonjwa, ilibidi kitanda cha mama kiwekwe ndani ya wodi mahututi ya watoto. Mama na mtoto wanatibiwa chumba kimoja. Niliposoma hapo nilikumbuka zile ngazi, nikakasirika upya.

Chumba cha kukamulia maziwa ndicho kilichonilea. Chumba kidogo, benchi la ukutani, karo la kunawia, vikombe vya chuma vilivyochemshwa, na jokofu ambalo kila kikombe kinaingia kikiwa na plasta yenye jina la mama na namba ya kitanda. Kwa pacha unaandika mara mbili: Kulwa wa fulani, Doto wa fulani. Siku mbili za kwanza nilikuwa sipati kitu. Nakamua mpaka vidole vinauma, chini ya kikombe pana unyevu tu. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mtoto wa tano, akaja akakaa nyuma yangu bila kuniuliza, akanikanda mgongo pembeni mwa uti kwa vidole gumba, akasema, "Mwanangu, unaliminya titi unaliumiza. Weka vidole nyuma ya weusi, sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane." Ikatoka dang'a, yale maziwa ya kwanza, ya njano, nzito, haikufika kijiko cha chai. Nikaona aibu kuipeleka. Sista aliipokea kwa mikono miwili. Doto alikuwa anapewa mililita 2 kwa mara moja, kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, kwa hiyo kile nilichokiona si kitu kilimtosha na kikabaki.

Ukifika pale ng'ang'ania hicho chumba. Kamua mara nane kwa siku, na ule mzunguko wa usiku usiuache hata kama maziwa hayaonekani, kwa sababu ndiyo unaoyaita. Ndugu watakushauri maziwa ya kopo, na kwa nia njema. Wifi yangu alikuja nayo tayari kwenye mfuko. Daktari akatueleza wote wawili, taratibu, kwamba utumbo wa njiti haujakomaa, na maziwa ya kopo yanaongeza hatari ya utumbo kuvimba mpaka sehemu yake ikafa, ugonjwa unaoua watoto wadogo kama wetu. Wifi akayarudisha dukani siku ileile.

Chakula cha hospitali nisikilaumu wala nisikisifu: ugali, maharage, wali siku nyingine, uji asubuhi. Anayekamua kwa ajili ya watoto wawili hashibi kwa hicho. Mama yangu alikuwa ananiletea mtori kwenye chupa ya chai, na asipokuja nanunua supu na chapati kwa mama ntilie nje ya geti. Hapo ndipo pesa ilipokwenda. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye hospitali za serikali kwa sera ni bure, na kweli kitanda na mashine sikulipia. Ila dawa moja ya kuua vijidudu iliisha stoo tukaandikiwa tukanunue nje, pampasi ndogo za njiti ni zako, na Kulwa alipohitaji kuongezewa damu tuliombwa kuleta ndugu wa kuchangia. Weka akiba kwa hayo. Maji ya bomba bafuni yanakatika, kwa hiyo wahi kuoga kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Simu lala nayo mwilini. Mbili ziliibiwa chumbani kwetu nikiwepo.

Kuna jambo moja ambalo hata leo sijalimeza. Doto alipopata maambukizi kwenye damu, niliambiwa koridoni. Daktari alikuwa anatembea, mimi namfuata nyuma na mshono wangu, akanena kwamba mtoto hali imebadilika na wamemwanzishia dawa nyingine, akaingia mlango mwingine. Nilisimama pale sijui kama mwanangu anakufa. Jioni daktari mwingine, dada mdogo kuliko mimi, alinikuta nimekaa chini ya ngazi. Akavuta stuli, akakaa usawa wangu, akanieleza: kipimo kimeonyesha nini, dawa gani imeondolewa, ipi imewekwa, na kwamba watajua baada ya siku mbili. Hakuniahidi kitu. Ilimchukua dakika chache. Hospitali ina chumba cha mikutano ambacho kwa muda wote niliokaa sikuona mzazi akiitwa humo kupewa taarifa ya mtoto.

Na mama anayefiwa hana pa kwenda. Jirani yangu wa godoro alimpoteza mtoto wake alfajiri, akarudishwa chumba kilekile kusubiri taratibu za kuchukua mwili, katikati yetu tunaokamua. Maziwa yalikuwa yanamtoka, khanga imelowa kifuani. Sisi tulimfunika, tukakaa naye kwa zamu, mmoja akampigia simu mumewe. Hakuna mtumishi aliyekuwa mkatili kwake. Ila chumba kimoja kidogo, chenye mlango na kiti, kwa ajili ya mama kama yule, ni kitu ambacho hospitali ile ingeweza kukipata kesho ikitaka.

Kulwa alihamia wodi ya kangaruu kabla ya mdogo wake, na hapo nikapata kitanda, kwa sababu wodi hiyo imejengwa kwa mama na mtoto kukaa pamoja. Utaratibu wenyewe ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na upungufu wa mashine za joto, na daktari Edgar Rey Sanabria akaamua mama ndiye awe joto. Mtoto anavalishwa kofia, soksi na pampasi tu, anasimamishwa kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha unafungwa naye kwa kitenge kilichobana vizuri mpaka chini ya sikio lake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Unakula naye, unatembea naye, unalala naye umeegemea mto. Siku ya kwanza niliogopa nitambana pumzi. Sista akaupitisha mkono wake kati ya kitenge na mgongo wa mtoto akanionyesha: mkono unapita, basi pumzi inapita.

Doto alipojiunga nasi niliwafunga wote wawili, mmoja kila upande. Ilinishinda usiku, wakiwa wawili hupati namna ya kugeuka. Nikamwomba sista mkuu wa wodi ruhusa ya mume wangu kumpakata mmoja. Baba Kulwa ni dereva wa bajaji, hajui likizo, alikuwa anakuja muda wa kuona wagonjwa akichungulia dirishani. Sista mkuu akasema, "Baba akaoge, avae shati la vifungo, aje." Tangu jioni ile alikuwa anakaa na Doto kifuani kwa muda wa saa mbili au tatu, na Doto uzito wake ukaanza kupanda. Lengo wanalolitaja ni gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, na kila asubuhi mizani ikitolewa wodi nzima inanyamaza kusikiliza. Ruhusa ya akina baba haikuwa imeandikwa popote. Ilitegemea sista aliyepo zamu, na zamu nyingine ilimtoa nje mume wangu mbele ya watu. Hilo lingeandikwa ukutani lingeisha.

Walioajiriwa mjue jambo ambalo ofisini kwetu halikujulikana mpaka nilipolipeleka mwenyewe: sheria ya ajira inampa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100 za likizo yenye malipo, badala ya 84, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda kwa aliyejifungua njiti. Ombeni barua ya hospitali inayoonyesha wiki za mimba siku ya kujifungua, msiondoke bila hiyo.

Je, ningempeleka mtu pale? Ndiyo. Kama dada yangu angejifungua njiti leo ningemwambia aende palepale, kwa ajili ya wale wauguzi na ile wodi ya kangaruu, na ningemfuata nikalale naye ili yeye asipande zile ngazi usiku. Malalamiko yangu niliyaandika na kuyatia kwenye sanduku la maoni, na la kitanda cha mama nilimwambia sista mkuu kwa mdomo. Alinijibu kwamba ameshaliomba mara nyingi, na akaniomba na mimi niliandike.

La mwisho, kwa sababu lilikaribia kutupita. Siku ya ruhusa kuna karatasi nyingi na furaha nyingi, na kadi ya kliniki inajazwa harakaharaka. Njiti aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki 32, hasa aliyekaa kwenye oksijeni, anatakiwa kupimwa macho na daktari wa macho mnamo wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kwa sababu mishipa ya damu nyuma ya jicho inaweza kuota vibaya na kumpofusha, na ikigundulika kwa wakati inatibika. Kwenye kadi zetu tarehe ya kipimo hicho haikuwepo, na wiki ya nne ilikuwa imeshapita. Yule daktari wa kwenye stuli ndiye aliyetufuata mpaka getini akaiandika kwa mkono, kwa Kulwa na kwa Doto. Ulizeni tarehe hiyo kabla hamjasaini chochote.